Albamu ya Baba na Fidla Sita

Baba yangu aliimba katika hoteli za watalii za Kendwa, Unguja, kwa zaidi ya miaka ishirini, nyimbo za mapenzi za taratibu za Wamarekani weusi, akisindikizwa na kinanda cha umeme kilichojifanya okestra nzima. Kinanda kile nilikichukia. Sauti yake ya fidla ilikuwa kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, na baba mwenyewe alilijua hilo, ila wageni walipiga makofi na maisha yakaenda.

Alipoacha kazi akarudi Chukwani kwa mama, kifua kikaanza kumsumbua. Ndipo aliponiambia jambo alilokuwa amelificha: ana nyimbo nane zake mwenyewe, za Kiswahili, na anataka kuzirikodi kwa fidla za kweli kabla pumzi haijamwishia. Mimi hupiga fidla katika kikundi cha taarabu mjini. Hakuwa akiniomba, alikuwa akiniagiza, na nilifurahi kuagizwa.

Nikawapata wenzangu watano. Tabu ilianza siku ya kwanza ya mazoezi. Sisi wa taarabu tumelelewa kumjibu mwimbaji: akimaliza mstari tu, fidla zinapokea na kumrudishia kwa madoido. Kumwacha bila jibu ni kumvunjia heshima. Nyimbo za baba zilitaka kinyume chake: tushike sauti moja ndefu chini yake, tutulie, na akinyamaza tunyamaze. Niliwaandikia hivyo kwenye karatasi zao kwa wino mwekundu, nikawakemea kama watoto wa chuo cha Kurani. Kiongozi wetu, mzee aliyenifundisha kushika fidla, alinitazama akasema haya, atajaribu. Mtu akikwambia atajaribu kwa sauti ile, ujue hakuafiki.

Tulirikodi Mji Mkongwe, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro. Nyimbo mbili zikapita salama. Wa tatu ulikuwa na mstari mmoja mrefu unaopanda mpaka juu kabisa, na baba alikuwa akiuogopa. Mama alishaninong'oneza kwamba anaujaribu kila asubuhi, na kila asubuhi unamshinda. Alifika pale, akapanda, na katikati pumzi ikakatika. Akanyamaza, mkono kifuani.

Yule mzee hakungoja. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliudaka mstari wa baba pale ulipoishia, akaupandisha mpaka mwisho kwa madoido yake yote ya taarabu, na wenzangu wakamfuata. Mimi pia nilifuata, Mungu anisamehe, huku damu inanichemka. Niliona tumemwaibisha baba yangu mbele ya watu, tumetangaza kwamba hawezi tena. Wimbo ulipokwisha mzee aliomba radhi, akasema ni mazoea. Nilimwambia fundi wa mitambo afute, tuanze upya.

"Usifute," baba akasema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Nikamwambia mstari hakuumaliza.

"Najua sikuumaliza. Miaka yote ile Kendwa, mwanangu, mimi nkinyamaza kinanda kinakwenda zake. Hakijui kama nimechoka. Leo nimenyamaza, nkajibiwa."

Niliona haya, na haya hiyo ninayo mpaka leo. Katika watu wote waliokuwemo chumbani, ni mimi, binti yake, niliyewakataza wengine wasimjibu. Nilimwomba radhi yule mzee, akacheka, akaniambia nikaze uzi wa pili, umelegea.

Baba akanywa maji. Kisha akasema kwamba upo wimbo mwingine, wa tisa, ambao hakuthubutu hata kunitajia kwa kuwa kifua chake hakiuwezi. Akatufundisha hapo hapo, akituimbia kipande kipande, akipumzika, akiendelea. Hakuna aliyeandika kitu. Tuliurikodi kabla ya adhana ya adhuhuri, na nusu ya kwanza aliiimba yeye.