Springi za Tanga na Jiwe la Bondeni

Masika yaliyotangulia, pikapu yangu ilikwama bondeni, tumbo lake limekalia jiwe na magurudumu yanazunguka bure topeni. Nyuma alikuwemo dada yangu Mize, kashikwa na uchungu. Tulimteremsha tukambeba kwa kitanda kuelekea Wete, na mtoto akafa kabla hatujaiona hospitali. Kwa hiyo Mize aliposhika mimba nyingine, na mumewe Faki akaja kunambia kuwa siku zake zitaangukia masika tena, sikungoja ushauri wa mtu. Niliazimia kuinyanyua ile gari, na springi za kuinyanyulia hazikupatikana kwetu Pemba. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu ya Tanga.

Alfajiri niliondoka kijijini kwetu, upande wa Konde. Nilipofika bondeni nilisimamisha gari nikashuka kulipima lile jiwe kwa mkono. Lilizidi nafasi ya chini ya gari kwa vidole vitatu. Vidole vitatu tu ndivyo vilivyomwondoa yule mtoto, nilijisemea, na hasira zikanipanda hata nikalipiga teke. Kwa kuwa ardhi ilikuwa kavu nililizunguka kwa pembeni, na mguu ukaniuma mpaka Wete.

Wete nikaiacha gari kwa fundi Shaame na kupanda boti. Bahari ilikuwa imechafuka, na humo sina la kusimulia ila kutapika.

Tanga nilifikia duka la vipuri karibu na soko. Mwenye duka, mtu mpole mwenye miwani, aliniwekea springi za aina mbili sakafuni. Ya kwanza ilikuwa na mabamba membamba. Ingeinyanyua gari vidole viwili, nayo ni laini. Ya pili mabamba yake manene na yamepinda sana. Hiyo ingeinyanyua vidole vinne, lakini ngumu.

"Gari yako hubeba nini, bwana?" aliniuliza.

"Karafuu."

"Karafuu tu?"

"Karafuu tu."

"Basi chukua hii nzito. Ukiipakia itatulia. Ikiwa tupu itakurusharusha, ila utavumilia."

Mpemba gani atasimama dukani, ugenini, amtajie mtu baki mimba ya dada yake? Si adabu, na kijicho tunakiogopa. Hata leo ningemjibu vilevile. Tena vidole viwili visingetosha kwa jiwe la vidole vitatu, kwa hiyo nilichukua ile ngumu, nikaomba Mungu njiani kote.

Wete, siku ya kurudi, Shaame alizifunga. Gari ilisimama juu hata watu wa sokoni wakanicheka. "Yakhe, na ngazi umeinunua?" mmoja alinipigia kelele. Sikumjali. Bondeni nilipita juu ya lile jiwe bila kuligusa, nikacheka peke yangu ndani ya gari kwa furaha. Lakini kila penye shimo nilirushwa mpaka kichwa kikagonga paa, na furaha ikaanza kupungua.

Nyumbani, Mize alitaka kuijaribu. Tulimtandikia godoro nyuma, nikaendesha taratibu kuelekea msikitini. Hatujafika, akagonga bati la gari.

"Simamisha, kaka! Gari hii ntazalia njiani mie. Yanipepeta kama mchele."

Faki alisema tutie magunia ya mchanga ili springi zikae. Nilikataa. Tukifika topeni gari itazama kwa uzito, na nani atayashusha yale magunia na kuyapakia tena, mgonjwa yupo hali ile? Tuliachana bila jibu, na mvua zikaanza.

Siku yenyewe uchungu ulimshika Mize mchana. Mkunga wetu, Bi Asha, alitoka chumbani akasema hili si la nyumbani, mtoto kakaa vibaya. Faki alikimbia msikitini, watu ndio kwanza wametoa salamu ya sala ya adhuhuri. Alisimama mlangoni akasema, "Jamaa, nataka uzito wenu. Pandeni garini. Penye tope mtashuka."

Miaka ile siasa ilikuwa imetugawa vibaya. Walikuwepo waliokuwa hawaitikiani salamu, na Kombo, jirani wa Faki, tangu uchaguzi hajakanyaga kizingiti chake. Wote walipanda, Kombo naye. Walikaa ukingoni kuzunguka godoro, migongo kwa Mize na nyuso nje kwenye mvua, ili wamsitiri. Bi Asha na mama yangu walishika kanga juu yake. Niliondosha gari, nikaisikia imetulia kama imebeba karafuu.

Bondeni waliruka chini wote. Gari ikanyanyuka, wakaisukuma, jiwe likapita chini yetu. Ng'ambo walipanda tena bila kuambiwa, tope mpaka magotini. Nilisikia kilio cha Mize na mtu mmoja akisoma dua.

Wete walimpokea mgonjwa wakafunga mlango. Wanaume walikaa barazani, nguo zinatiririka maji, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani. Niliwatazama nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa nikijisifu moyoni. Nilidhani kuchagua springi ni shughuli yangu mimi na jiwe. Kumbe chuma kilikuwa nusu tu ya kazi, na ile nusu nyingine Tanga haiuzwi. Niliogopa mno. Sijawahi kuogopa vile tena.

Alasiri nesi alifungua mlango. "Jamaa wa Mize ni nani?"

Walisimama wote.

"Nauliza jamaa zake khasa."

Faki alipiga hatua mbele. Aliyejibu ni Kombo.

"Ndio siye."

Nesi alituangalia mmoja mmoja, miguu yetu ya tope na macho yetu mekundu.

"Mama mzima," akasema. "Basi nyote mumepata mtoto wa kike."