Mahali pa Arvid Kando ya Runinga

Jambo la kwanza ambalo mgeni aliligundua kwa Verna Tollefson ni namna alivyopita sebuleni. Akitoka jikoni na birika la kahawa, hakukata moja kwa moja kuelekea kwenye kochi. Aliizunguka meza, akajibana ukutani na kusema kwa sauti ya chini, "Hebu nipishe," ilhali kando ya runinga, pale alipopakwepa, hapakuwa na mtu.

Hapo palikuwa pa Arvid, mumewe. Nyumba yao ilikuwa bondeni, kati ya vilima vya magharibi mwa Wisconsin, na mawimbi ya runinga yalifika huko yamechoka. Arvid aligundua kwamba akisimama upande wa kushoto, mkono mmoja ukishika antena ya ndani, picha inatakata. Basi kila mechi ya besiboli aliitazama wima, shingo ameipinda, huku Verna akimlisha vipande vya jibini. Antena ya kuweka juu ya paa hawakununua kamwe. "Ya nini, na mimi nipo?" alikuwa akisema.

Alifariki wakati wa mavuno ya mahindi. Majira yote ya baridi runinga ilitoa chenga tupu. Kisha msimu wa besiboli ukafunguliwa. Verna aliiwasha kwa mazoea tu, na mpira wa kwanza uliporushwa, chenga zikatulia. Mechi ilipokwisha, zikarudi. Ikawa hivyo kila mechi. Verna hakupiga kelele wala hakumwita mchungaji. Alikata jibini, akaweka kisahani juu ya runinga. Baadaye aliikuta imekauka, haijaguswa, na hilo halikumsumbua.

Ikafika siku ile ya Juni ambayo stesheni zao zingezima mitambo ya analojia. Lorraine, binti yake, alikuja kutoka Madison na king'amuzi.

"Hiki, mama, pamoja na antena mpya ya nje, basi. Hakuna tena habari ya mtu kushika waya."

"Hicho ndicho ninachokiogopa. Baba yako atashika nini?"

Lorraine alishusha pumzi. "Mama, hasa nimekuja kukuchukua; king'amuzi ni endapo utakataa. Chumba chako kwangu kiko tayari. Unang'ang'ania bonde hili kwa sababu ya chenga, majirani wanakucheka."

"Mimi sicheki!" alidakia Orville, jirani yao, mdomo umejaa keki. "Arvid akiwa hai alininyima hata trekta. Nimcheke sasa, anifuate nyumbani?"

"Orville, kunywa kahawa yako," Verna alimwambia.

Lorraine alipiga magoti kando ya runinga kutafuta mahali pa kuchomeka waya. Mara akasema, "Samahani, baba," kama mtoto aliyemkanyaga mtu, kisha akaganda. Aliinuka polepole, akiutazama mkono wake.

"Nimegusa kitambaa. Kama suruali."

"Ni pazia hilo," Orville alisema.

"Pazia liko upande ule, Orville."

Nje jua lilikuwa kali, na ng'ombe wa Orville walikula majani kama kawaida.

"Sikia, mwanangu," Verna alisema. "Usikichomeke kwanza. Mechi ni mchana huu, na stesheni itakuwa imeshazima. Zikibaki chenga, nitapanda gari lako leo leo. Nimeshafunga sanduku."

"Na zisipobaki?"

"Utaniacha kwangu na baba yako."

Lorraine alikubali. Muda si mrefu mtangazaji aliwaaga watazamaji, picha ikakatika, na sebule ikajaa mvumo wa chenga. Orville alileta redio yake ya zizini ili wajue mechi inapoanza. Waliketi watatu, wakisikiliza majina ya wachezaji yakisomwa, macho kwenye kioo cheupe kilichochemka. Verna alikuwa ameshika kisu cha jibini bila kukata kitu. Alisikia mvumo ukififia kidogo kisha ukirudi, kama mtu anapopita mbele ya redio, lakini hakusema.

Redioni umati ulinyamaza. Mrushaji alikuwa ameshaushika mpira. Verna alitazama pembeni akamwona Lorraine, aliyekuja kumchukua, amesogeza kiti mbele kuliko wote, akinong'ona, "Haya, baba. Haya."