Seva Ilisema Ngoja

Nakumbuka Jumamosi moja kule mtaa wa Tena, mwanangu (nakuita hivyo ingawa sikujaliwa kuzaa), nikifua mashati yangu kando ya mfereji wa ploti, huku Mama Mwikali, mwenye nyumba, akinitazama. Mama yule alipenda kuuliza maswali, na kuuliza si ujinga.

Miaka ya tisini ilikuwa inakatika na intaneti ilikuwa bado ngeni kwetu. Nilikuwa kijana wa kuandika programu katika ofisi moja ya Industrial Area, eneo la viwanda. Kompyuta yetu ilipiga simu kwa seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza barua za watu, na programu yangu ikaiuliza kila adhuhuri: kuna barua? Ikiwapo, ilionyeshwa. Jibu lingine lolote likija, programu iliandika "Hakuna barua." Wenzangu walifurahia kioo cha kompyuta kisicho na maneno ya kutisha, wakanisifu, nami kama yule mgema nikalitia tembo maji. Sikuichunguza tena.

Nanjala, mchumba wangu, alikuwa Uingereza akifanya kazi ya uuguzi. Mwanzoni aliandika sana. Kisha ikawa hakuna barua, wiki baada ya wiki. Nikajiambia amepata mwingine, nikanuna, nami nikaacha kumwandikia. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili kwa ajili yetu, na kile cha pili nilikipita bila kukitazama. Upweke uliniuma hata nikiwa nakula.

"Wafula, mchumba wako bado hajaandika?" Mama Mwikali aliuliza.

"Bado, Mama. Programu inasema hakuna barua."

"Na yenyewe iliambiwa nini huko ilienda kuuliza?"

Nikaendelea kukamua shati. Akapangusa mikono kwa leso.

"Watu wanabisha hodi hapa kwa geti kila siku. Mmoja namwambia, huyo anaoga, ngoja. Mwingine namwambia, huyo alihama, ako mtaa wa Umoja. Sasa yule nimeambia angoje, akienda kwao aseme hakuna mtu, si huyo ni mwongo?"

Jumatatu adhuhuri sikwenda kula. Niliifungua programu, nikaiamuru inionyeshe jibu la seva jinsi lilivyotoka. Lilikuwa fupi: nimelemewa, jaribu tena baada ya muda. Ofisi zilizojiunga zilikuwa zimeongezeka, na adhuhuri ndiyo saa ambayo kila moja ilikuwa ikiuliza barua zake. Seva ilisema ngoja, na programu yangu ikaniambia hakuna. Nikajaribu tena jioni, watu wakifunga madirisha. Barua zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine.

Katika za mwanzo Nanjala alilalamikia baridi. Baadaye akasema mkataba wake unakaribia kuisha. "Nirudi? Sema neno moja tu." Ya mwisho ilisema, "Kimya chako nimekielewa. Nimetia sahihi nibaki huku."

Nilimwandikia papo hapo, nikamweleza yote. Alinijibu kwa upole kwamba ananiamini, lakini kuna mtu aliyemfuta machozi siku zile, na ameshampa neno lake. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Basi mimi mjukuu wangu ndiye huyo, na chumba cha pili hakikupata mtu.

Kwa hivyo, mwanangu unayeandika programu za kusemezana na seva, soma jibu lote kabla ya kumpelekea mtu habari. Ukiambiwa ngoja, ngoja kweli, kisha ubishe tena kwa adabu, si kugonga mfululizo mpaka mlango ung'oke. Ukiambiwa kitu kimehama, kifuate kilikohamia. Laini ikikatika, sema imekatika. Kusema "sijui" hakuna aibu. "Hakuna" ni neno zito, lisikutoke kabla hujalisikia kwa mwenyewe. Na mtu wako akinyamaza, usimjibie. Mwulize tena.

Mungu akujalie hodi zako ziitikiwe, na siku utakapoambiwa ngoja, akupe subira ya kubaki mlangoni.