Balasti ya tangi la samaki

Leo taa ya samaki imewaka vizuri, nikatamani isingewaka.

Tangu tumzike mume wangu, tangi lake la samaki pale sebuleni lilikuwa na mwanga hafifu, kama wa kibatari. Nilibadilisha taa mara mbili, wapi. Nikaacha. Tukazoea.

Leo shemeji yangu Gaudensi, fundi umeme, amekuja kutoka kijijini kwao Mbingu kutusalimia. Akafungua kifuniko cha tangi.

"Taa ni nzima, shemeji. Balasti ndiyo imechoka. Haiipi taa umeme wa kutosha, hata ukifunga mpya itafifia tu."

Akafunga balasti nyingine.

Jamani, sebule yote ikawa nyeupe. Samaki wakakimbilia kwenye majani.

Mimi nawatazama samaki. Binti yangu Neema, upande wa pili wa kioo, ananitazama mimi.

"Mama," akasema taratibu, "kumbe umekonda hivyo."

Sikulia. Shemeji akaendelea kukusanya bisibisi zake, hakuinua kichwa.

Neema akaenda jikoni, akanipakulia wali, akakaa pembeni yangu mpaka nikamaliza.

Nimekula wote. Sikusikia ladha yoyote.

Nyie mliowahi kufiwa, ladha inarudi lini?