Mwalimu Utando na Bakuli la Matango

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Utando, nalo likamganda mpaka akastaafu. Kisa ni utando wa seli, kile kingozi chembamba kinachoamua nini kiingie na nini kitoke. Kuhusu huo utando angeweza kukukalisha tangu chai ya asubuhi mpaka kuku waingie bandani. Utando wa kuyazuia maneno yake mwenyewe, jamani, hakujaliwa.

Mkewe alivumilia weee, mpaka siku alipojikata kidole jikoni. Badala ya kumkimbilia na kitambaa, mume akaanza kumweleza jinsi damu inavyoganda. Mama wa watu alijifunga kidole mwenyewe, akafungasha nguo, akaenda zake kwa mdogo wake.

Nyumba ikapwaya. Mzee wetu akawa anaongea na birika. Kwa hiyo mkewe alipotuma salamu kwamba Jumamosi angepita kula chakula cha mchana, ndipo aamue kama anarudi au harudi, mwalimu aliapa: siku hiyo hafundishi mtu kitu.

Alidamka, akapiga deki, akapika wali na kuuunguza kidogo tu. Akakata matango vipande vyembamba, akayatia chumvi mapema ili yakolee, akayafunika. Mtu aliyesomesha somo hilohilo la chumvi na maji maisha yake yote! Lakini hofu ilikuwa imemvuruga. Hata jina lake ungemuuliza angebabaika.

Mkewe akaja na kipochi cha mkononi tu, bila begi. Mwalimu alikiona, akajua hakuja kukaa. Walipokaa mezani, mama akafunua bakuli. Matango yalikuwa yamenywea, yanaogelea kwenye maji.

"Mwalimu," akauliza, "haya maji yametoka wapi?"

Loo, jibu lilimjaa mdomoni! Akaling'ata.

"Sijui, mama watoto. Labda sikuyakausha vizuri."

Mkewe akaweka kijiko chini. Kisha akamsimulia kwamba kwa mdogo wake hakuna mazungumzo, ni televisheni mtindo mmoja. Siku moja alinyunyizia papai sukari, likatoa maji, naye akageuka kumsubiri mtu aeleze. Hakukuwa na mtu. Alilia palepale, papai mkononi.

"Sema tu," akamwambia. "Ila nikijikata, kitambaa kwanza."

"Kitambaa kwanza," mwalimu akaitikia.

Akaeleza, kwa kujibana sana, kwamba chumvi ilizidi huko nje, basi maji yaliyokuwa ndani ya seli za tango yakatoka kuifuata. Akaishia hapo, akijipongeza kwa ufupi wake.

"Umeruka utando," mkewe akasema, huku akivua viatu na kuvisukuma chini ya kiti. "Ule unaoyaachia maji yapite na kuibania chumvi. Anza upya."