Udongo wa Kupeleka Kanisani

Mimi nilitaka mishumaa. Nilikuwa nimeiona kwenye harusi za mjini Kisii: bwana na bibi wanashika kila mmoja mshumaa wake, wanawasha mmoja mkubwa, watu wanapiga makofi na picha zinatoka vizuri. Lakini mchungaji wa kina mchumba wangu, Wasabato wa Gesima wasiocheka ovyo, alisema mishumaa ni mambo ya Wakatoliki, na kanisa lake lina stima. Basi mpambaji wetu, dada mwenye saluni chini ya ofisi ninayofanyia kazi ya kupiga chapa, akaja na wazo lingine. Kila mmoja alete udongo wa kwao, tuumimine pamoja ndani ya chupa ya kioo mbele ya watu. Ukishachanganyika, nani atautenganisha? Mchungaji akatafuta kosa, akalikosa. Mchumba wangu akasema sawa. Wote wakanigeukia mimi, nami nikasema sawa, upesi, kama mtu asiyetaka kuonekana anafikiri.

Kumbe nilikuwa nafikiri. Udongo wa kwetu, kwetu wapi?

Baba yangu simjui. Mama alinizaa nyumbani kwa wazazi wake, Marani, akaniacha kwa nyanya ningali natambaa, akashuka mjini kuuza ndizi. Nyanya alifariki nikiwa darasa la saba. Jiko lake likabomolewa nikiwa shuleni, baadaye mama akaja kunichukua, boma likabaki la mjomba. Mama hana shamba. Ana chumba cha kupanga, na kibarazani ana beseni la bati lililotoboka, ameotesha chinsaga, ile mboga yetu yenye uchungu kidogo. Tumehama nyumba nne na beseni hilo. Kila tulipohama nililisonya, maana ni zito na hunichafulia nguo.

Basi nikaenda Marani kwa mjomba. Huyu ndiye aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza vya shule, na ndiye tuliyekubaliana atanishika mkono kunipeleka mbele ya kanisa. Nilimkuta sebuleni na wanawe wawili, watu wazima wenye wake zao, wanaosubiri kugawiwa shamba. Tukanywa chai, tukacheka kuhusu suti atakayovaa. Mambo yalipokuwa matamu hivyo nikaomba, kwa Ekegusii kama kawaida yetu, kiganja kimoja cha udongo kutoka pale palipokuwa jiko la nyanya.

Kicheko kikakatika. Mjomba aliwatazama wanawe, huyu kisha yule, ndipo akanitazama mimi. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Udongo ya hapa haitoki. Hii boma iko na wenyewe."

Kiswahili! Nyumbani kwetu Kiswahili ni cha kusema na karani, na polisi, na mgeni aliyepotea njia. Tangu nizaliwe mjomba hakuwahi kunisemesha Kiswahili, hata siku niliyovunja dirisha lake.

"Ni kiganja tu, mjomba."

"Hata kiganja."

Sikuelewa. Labda aliogopa uchawi. Kwetu ukionekana unachota udongo wa boma la mtu, hata kama ni wa kupandia maua, utatafutiwa sababu. Labda alidhani leo ni kiganja, kesho nitadai robo ekari. Au labda nilikuwa mgeni siku zote na hakuna aliyewahi kuniambia. Sikuuliza, kwa sababu nikikasirika mdomo hunikauka. Niliaga vizuri, nikatembea hadi sokoni, na pale kando ya lami, mbele ya wauza mitumba walionishangaa, nikainama nikachota udongo wa barabarani. Nikaufunga kwenye leso. Nani ataujua?

Mimi niliujua. Wiki nzima nililala na kuamka na lile fundo la leso. Niliona Jumapili inakuja, mshereheshaji atatangaza kwamba huu ni udongo wa kwao bibi harusi, na watu wa Marani watakuwa pale, na mjomba atakuwa pale. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata nilipokuwa mtoto na wenzangu wakiniuliza baba yako ni nani. Nilikuwa naolewa kama mtu aliyeokotwa njiani, na ushahidi niliufunga mwenyewe.

Asubuhi ya harusi mama alikuwa akinifunga vifungo vya mgongoni alipoiona leso mezani. "Hii ni nini?" Nikamweleza yote, mpaka kile Kiswahili. Akaichukua leso, akaenda kuikung'utia nje mlangoni, akarudi na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa udongo mweusi.

"Beba huu."

"Umeutoa wapi?"

"Kwa beseni."

"Mama! Huo ni udongo wa kupandia mboga!"

"Na wa barabarani ulikuwa wa kupandia nini? Vaa viatu, tunachelewa."

Mjomba alikuja. Suti ilimbana kwapani, na alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Tulipofika katikati ya kanisa nikamtazama, nikaona machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nilitaka kusimama pale pale nimuulize: wewe ni mjomba wa namna gani, wa kuninyima kiganja kisha unililie? Lakini kwaya ilikuwa inaimba, na dada wa saluni alikuwa akinipungia mkono niongeze mwendo.

Mume wangu alimimina wake kwanza, udongo mwekundu wa Gesima, ambao mama yake alijaza mfuko mzima wa unga wa kilo mbili kana kwamba tunakandika nyumba. Nami nikamimina wangu. Mshereheshaji akapaaza sauti kwamba huo umetoka Marani, kwa babu yake bibi harusi. Nikamtupia mjomba jicho. Alikuwa akivitazama viatu vyake. Vijana wakapiga makofi, lakini akina mama wazee wakatazamana, maana kwetu udongo hushikwa kwa mkono mbele za watu siku ya mazishi tu. Mmoja alipokuja kunipa mkono alijisahau akaniambia pole. Niliitikia asante.

Ile chupa ikakaa Gesima, kwenye kabati la mama mkwe, juu ya kitambaa cha kufuma. Sisi tunaishi mjini, huko tunakwenda kuamkia wazazi. Mara ya tatu tulipokwenda nikaikuta imeoshwa, inang'aa, imejaa maharagwe.

Hapo hasira zikanipanda bila kuomba ruhusa. "Nani amemwaga udongo wangu?" Nilisema hivyo nyumbani kwa watu, mbele ya mume wangu, mimi bibi harusi wa juzi.

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi. Tangu anijue alikuwa akinisemesha Kiswahili cha kupimapima, kama mgeni wa mjini. Sasa aliweka kisu chini akanijia juu kwa Ekegusii, haraka, jinsi mama anavyomgombeza mtoto wake wa kumzaa. Kwani udongo ni sahani, ukae kabatini? Niende nyuma ya jiko nikauone, na nibebe jembe.

Kati ya migomba na mstari wa kwanza wa majani chai palikuwa na kipande kilicholimwa. Miche ilikuwa imesongamana hapo, mingi ajabu. Chinsaga.

"Hizo sikupanda mimi," alisema akiwa amesimama nyuma yangu. "Zilikuja na udongo wako. Zipunguze. Kutoka hapa hadi mgomba ule ni pako, na usinipigie kelele tena." Akarudi kwenye ndizi zake.

Nikampigia mama simu. Nyuma yake nilisikia soko.

"Mama, chinsaga yako imeota huku."

"Hiyo ni ya nyanya yako," akasema. "Siku wanabomoa jiko niling'oa iliyokuwa nyuma yake, na udongo wake, nikaijaza kwa beseni."

"Na mjomba akakuruhusu?"

"Unadhani nani alinibebea mpaka barabarani? Aliliweka kichwani, analia njia nzima."

"Basi mbona mimi aliniambia udongo hautoki?"

"Ulimwomba mbele ya nani?" aliuliza mama. Mteja akamwita, akakata simu.

Nilibaki nimeshika jembe. Niliwaona tena wale wawili na vikombe vyao vya chai, na mjomba akiwatazama kabla ya kunitazama mimi. Pengine nimeelewa, pengine nimejidanganya tu. Nikapiga magoti nikaanza kupunguza, nikisitasita upi ning'oe upi niache. Mitano iliyotoka na udongo kwenye mizizi nikaifunga ndani ya leso ile ile, ya kumpelekea mjomba. Nitaipeleka siku ambayo wanawe hawapo.