Jumanne ya Muhuri

“Masika, wewe na polisi mmekula nini pamoja?”

Swali hilo aliliuliza jirani yake Brigitte, miaka mitatu iliyopita, mbele ya wanawake waliokuwa wakianika nguo kwenye ghorofa lao la wageni, mtaa wa Jeppestown. Wote wakacheka. Jumanne iliyofuata Masika alimshika Brigitte mkono, akampeleka kituoni.

Leo ni Jumanne tena. Saa tatu asubuhi, Mama Masika, fundi cherehani wa miaka hamsini na mbili kutoka Butembo, ameketi kwenye benchi ndani ya kituo cha polisi, kadi ya kujitolea shingoni. Kando yake kuna watu kumi na mmoja wenye nakala za vyeti mikononi. Wanangoja muhuri wa kuthibitisha kuwa ni nakala za kweli.

Kazi yake ni kutafsiri Kiswahili katika mpango wa polisi na raia. Halipwi. Siku hiyo hashoni, kwa hiyo randi mia mbili hivi zinampita. “Nguo itangoja,” anasema. “Mtu mwenye hofu hangoji, anarudi nayo nyumbani.”

Wageni wengi wanakiogopa kituo. Basi yeye huanza na dogo. “Nawaleta kwa muhuri. Muhuri haumi mtu. Siku ukipata shida kubwa, mlango unaujua tayari.”

Tena, polisi hagongi muhuri kwenye nakala mpaka aone karatasi yenyewe. Asiye nayo mkononi kwa sababu mtu mwingine ameishikilia, Masika anamjua hapo hapo.

Leo ni Nasra, mwenyeji wa Tanga. Ana nakala ya pasipoti tu. Shule inaitaka yenye muhuri kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi ya binti yake atapewa mtoto mwingine.

“Yenyewe iko wapi?” anauliza Sajini Mabuza, na Masika anatafsiri.

“Iko kwa bosi. Ananitunzia.”

“Tangu lini, mdogo wangu?” anauliza Masika.

“Tangu nifike. Huu mwaka wa pili.”

“Eish!” sajini anashangaa akishatafsiriwa. Hilo halihitaji mkalimani. Anamwomba Nasra namba ya bosi, anampigia simu ailete.

Wakingoja, Masika anamshika Nasra mkono, midomo yake ikisali taratibu. Kisha anaeleza anachomwomba Mungu: wanawake wawili wa kumsaidia, ili na Alhamisi pia meza ya ukalimani iwepo. Brigitte, yule yule wa swali, amekubali kuwa wa kwanza.

Mlango unafunguliwa. Ni Mansour, bosi wa Nasra, mwenye duka la vitambaa, naye wa Tanga.

“Mama Masika, mambo ya nyumbani unayaleta huku? Huyu ni kama dada yangu. Namtunzia tu, mji huu una wezi.”

“Asante kwa kutunza, kaka. Hapa wezi wamefungiwa nyuma kule. Weka tu mezani.”

Watu kwenye benchi wanajizuia kucheka. Mansour anamtazama sajini, anatia mkono mfukoni, anaiweka pasipoti mezani. Sajini anailinganisha na nakala ukurasa kwa ukurasa. Anagonga muhuri.

“Haya, Nasra, twende,” anasema Mansour, akichezesha funguo. “Nimefunga duka kwa ajili yako.”

Nasra anaichukua pasipoti, anaiingiza kifuani ndani ya buibui. Anaubana mkono wa Masika, anauachia. Kisha anampita Mansour pale aliposimama, anatoka peke yake, nakala yenye muhuri mkononi.